Simu Janja ya Kwanza: Anza na Laini, Simu Itafuata

Wako akina mama wengi ambao mpaka leo wanatumia kitochi, na kitochi hicho kimewatendea mema. Kinapiga, kinapokea, kinatuma pesa, na chaji yake inakaa siku tatu. Lakini mambo yamebadilika. Mwalimu wa darasa anatuma kazi za nyumbani kwenye kundi la WhatsApp. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaandika mahesabu yake humo humo. Mteja wa vitenge anataka kuona picha kabla hajapanda daladala kuja kununua. Binti aliyeko chuoni anatamani mama amwone uso wake, si kusikia sauti tu. Hapo ndipo mama anapoanza kuweka akiba kidogo kidogo ili naye anunue simu janja.

Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, mama akishapata fedha, kwa kawaida swali la kwanza analouliza ni hili: "Ninunue simu gani?" Huuliza watoto, huuliza jirani, kisha huenda dukani. Mpendwa msomaji, swali hilo ni zuri, lakini halifai kuwa la kwanza. Simu ikiharibika utanunua nyingine. Laini ikipotea, au ikiwa si yako, unaweza kupoteza akiba ya miaka. Kwa hiyo katika makala hii tutaanza na laini, tutafuata na mtandao, ndipo tuingie dukani, na mwisho tuangalie kifurushi na ulinzi wa pesa zako. Tutazungumzia hali ilivyo hapa Tanzania.

Laini hii ni ya nani?

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, laini ya simu imekuwa pochi. Leo karibu kila mtandao una pochi yake: M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, Mixx by Yas ambayo zamani tuliiita Tigo Pesa, HaloPesa na T-Pesa ya TTCL. Ada ya mtoto, fedha ya mchezo na mauzo ya sokoni, vyote hupita humo. Sasa jiulize: pochi hiyo imeandikwa jina la nani?

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wakati huo wako akina mama ambao hawakuwa na namba ya NIDA. Ili wasikose mawasiliano, mume aliweka kidole, au kijana wa nyumbani, au hata jirani mwenye huruma. Laini ikaendelea kufanya kazi na mambo yakasahauliwa. Lakini kwa kampuni ya simu, mwenye laini ni yule aliyeweka kidole. Siku simu ikiibiwa, ni yeye anayepaswa kwenda kuirudisha laini. Siku ukisahau namba ya siri, ni yeye anayeulizwa. Na mwenye laini akifariki dunia, fedha zilizomo huhesabiwa kuwa zake, nazo hufuata taratibu za mirathi, hata kama ni wewe uliyeuza maandazi mpaka zikapatikana.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti moja ya kununua simu, bonyeza *106# kwenye kitochi chako, kisha ufuate maelekezo. Huduma hiyo itakuonyesha laini unayoitumia imesajiliwa kwa jina la nani, na namba nyingine zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini yako ina jina la mtu mwingine, nenda naye kwenye duka la kampuni ya simu, wewe ukiwa na namba yako ya NIDA, mfanye mabadiliko. Ukikuta namba usiyoijua imeandikwa jina lako, usiipuuze. Nenda katika duka la mtandao husika ukaikane, ifungwe. Namba hiyo inaweza kutumika kutapeli watu, na mwenye kutafutwa ukawa wewe.

Namba hizo ngeni hupatikanaje? Mara nyingi ni kwa wasajili wasio waaminifu wanaotembea mitaani na miavuli. Mama anaweka kidole, anaambiwa, "Haijasoma, weka tena." Anaweka tena. Kumbe cha kwanza kilisoma, na cha pili kimesajili laini nyingine ambayo hatapewa. Ni vema basi kusajili laini dukani kwa kampuni au kwa wakala unayemfahamu. Ukiambiwa urudie kidole, omba uonyeshwe kwenye simu yake kwamba kweli imekataa. Ukifika nyumbani, bonyeza tena *106# uhakikishe.

Mtandao gani unashika nyumbani kwako?

Jambo la pili ni kuchagua mtandao. Watu hubishana sana juu ya mtandao ulio bora, kana kwamba kuna mmoja ulio bora kila mahali. Ukweli ni kwamba mnara ulio karibu nawe ndio unaoamua. Mtandao unaokwenda kasi Mwenge unaweza kuwa dhaifu kabisa bondeni huko Lushoto.

Usidanganywe na vile vijiti vya mtandao kwenye kitochi chako. Vitochi vingi hutumia mawasiliano ya 2G, yanayofaa kupiga na kutuma ujumbe. Simu janja inahitaji 3G au, kwa kweli zaidi, 4G. Unaweza kuwa na vijiti vyote kwenye kitochi, na bado picha moja ikachukua dakika tano kufunguka kwenye simu janja mahali hapo hapo.

Namna nzuri ya kujua ni kuwauliza majirani watatu au wanne wenye simu janja za mitandao tofauti. Waombe wakuonyeshe. Jaribuni ndani ya nyumba, si uani peke yake, maana kuta na bati hupunguza nguvu ya mtandao. Jaribuni pia saa mbili usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni. Kama shughuli zako ziko sokoni kutwa, fanya jaribio hilo sokoni pia.

Fikiria vilevile watu unaowasiliana nao. Kama ndugu zako na wateja wako wengi wako mtandao mmoja, dakika na gharama za kutuma pesa huenda zikawa nafuu ukiwa nao humo. Angalia pia mawakala wa mtaani kwako: je, wakala wa mtandao huo yupo karibu, na huwa na fedha za kutosha ukitaka kutoa?

Kama unaona mtandao wako wa sasa haufai, huna haja ya kupoteza namba ambayo watu wote wanaijua. Tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhamia mtandao mwingine akabaki na namba yake ile ile. Ila kabla ya kuhama, toa kwanza fedha zilizo katika pochi ya simu, na ulipe deni lolote unalodaiwa humo. Namba itahama, lakini pochi ya mtandao wa zamani haitahama pamoja nayo.

Sasa tuingie dukani

Umekwisha kujua laini ni yako na mtandao unashika. Sasa tunaweza kuzungumzia simu yenyewe. Dukani utaonyeshwa rangi, kamera tatu au nne, na kioo kinachong'aa. Vyote ni vizuri, lakini tazama kwanza mambo haya.

La kwanza ni 4G. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka simu ya 4G. Zipo simu za bei ndogo zenye sura ya simu janja ambazo huishia 3G. Vipo pia vitochi vyenye intaneti, ambavyo muuzaji anaweza kukuambia vina WhatsApp. Usikubali maneno. Iwashwe mbele yako, iwekwe laini, na programu unayoihitaji ifunguliwe. WhatsApp huacha kuhudumia simu zenye mfumo wa zamani kila baada ya muda fulani. Simu iliyokaa dukani au mkononi mwa mtu miaka mingi inaweza kukataa.

La pili ni nafasi. Kuna namba mbili zinazochanganya watu. Moja ni RAM, ambayo ni kama meza ya jikoni: ikiwa kubwa, unaweza kupanga mambo mengi kwa wakati mmoja bila simu kukwama. Nyingine ni nafasi ya kuhifadhi, ambayo ni kama kabati: humo ndimo zinamokaa picha, nyimbo na programu. Kwa mama anayeanza, RAM ya GB 3 au 4 na kabati la GB 64 vinatosha kwa shughuli za kawaida. Kabati la GB 32 hujaa upesi, kwa sababu mfumo wa simu wenyewe huchukua sehemu kubwa. Jihadhari na maandishi kama "RAM 8" ambayo chini yake, kwa herufi ndogo, yameandikwa "4+4". Maana yake meza halisi ni 4 tu, na 4 nyingine zimeazimwa kutoka kabatini. Haziendi kasi kama za kweli.

La tatu ni betri. Tafuta iliyoandikwa mAh 5000 hivi. Simu janja haitakaa siku tatu kama kitochi. Ikitumika sana itataka umeme kila siku. Kama kwenu hamna umeme na unachajisha kwa kulipia, ingiza gharama hiyo kwenye hesabu yako.

La nne ni uhalali wa simu. Kila simu ina namba yake ya utambulisho iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilizima simu bandia nchini kwa kutumia namba hizo, na watu wengi walibaki na vyuma mkononi. Ukiwa bado dukani, bonyeza *#06# kwenye simu unayotaka kununua. Namba itatokea. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi. Kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakueleza ni simu ya aina gani. Kama jibu linasema aina tofauti na uliyoishika, irudishe na uondoke.

La tano ni akaunti. Simu za Android hudai akaunti ya Google zinapowashwa mara ya kwanza. Wauzaji wengine, ili kuharakisha mambo, huweka akaunti ya dukani au hutunga jina lolote na neno la siri ambalo mama haelezwi. Siku simu ikifutwa na kuanza upya, itamwuliza neno hilo, naye hana. Simu inajifunga. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa jina lako na namba yako, neno la siri ulitunge wewe, na uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kama ni simu iliyokwisha kutumika, mwenye nayo aondoe akaunti yake mbele yako kabla hujalipa.

Mwisho, dai risiti yenye jina la duka na IMEI, na uulize dhamana ni ya miezi mingapi. Risiti, boksi na IMEI viweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Mali bila daftari huisha bila habari.

Simu ya mkopo: piga hesabu yote

Siku hizi zipo simu za kutanguliza kidogo na kulipa kila siku au kila wiki. Kwa mama asiye na fedha za kulipa kwa mkupuo ni msaada, wala hatusemi ni vibaya. Lakini shilingi elfu moja na ushee kwa siku huonekana ndogo kwa sababu hatuijumlishi.

Tuchukue mfano. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 200,000. Kwa mkopo unatanguliza 40,000, kisha unalipa 1,200 kila siku kwa siku 270. Zidisha: 1,200 mara 270 ni 324,000. Ongeza 40,000 ulizotanguliza. Jumla ni 364,000. Maana yake umelipa 164,000 zaidi ya bei ya taslimu. Fedha hizo zingeweza kununua sare na viatu vya watoto wawili.

Pia uliza mambo mawili kabla hujatia sahihi. Ukichelewa kulipa, je, simu itajifunga? Nyingi hujifunga, na kama mauzo yako yote yanapitia simu hiyo, siku ya kukosa fedha ndiyo siku utakayokosa na wateja. Na je, simu ikiibiwa, deni linaendelea? Jibu la maswali hayo lisomwe kwenye karatasi ya mkataba, lisitoke mdomoni mwa muuzaji tu. Kama unaweza kusubiri miezi mitano ukiweka akiba kwenye kikundi chenu, subiri. Subira huvuta heri.

Kifurushi kinachofaa nyumba yako

Simu hununuliwa mara moja, lakini kifurushi hununuliwa maisha yote. Hapa ndipo bajeti ya nyumba huvuja bila mama kujua.

Kwa wiki mbili za mwanzo, andika kila vocha unayonunua. Mama anayejiunga kifurushi cha shilingi 1,000 kila siku hutumia 30,000 kwa siku thelathini. Huenda kifurushi cha wiki au cha mwezi kingemgharimu pungufu kwa matumizi yale yale. Kwa upande mwingine, mama anayefungua WhatsApp mara mbili kwa wiki kusoma ujumbe wa mwalimu hana haja ya kifurushi cha mwezi, kwa kuwa kitaisha muda kabla hajakimaliza. Kwa hiyo hesabu siku unazohitaji intaneti kweli, ndipo uchague.

Soma maelezo ya kifurushi taratibu. MB ni za saa zote, au nyingine ni za usiku wa manane tu? Dakika ni za mitandao yote, au za mtandao wako peke yake? Je, ni kifurushi cha WhatsApp tu? Kama ndicho, ukibonyeza kiungo cha video ulichotumiwa humo, unaweza kutolewa nje ya kifurushi na salio lako likaanza kuliwa.

Ni vema pia kujua MB huliwa na nini. Ujumbe wa maandishi hula kidogo mno. Sauti hula kiasi. Video ndiyo mlaji mkubwa: saa moja ya video yenye ubora wa kawaida inaweza kumaliza MB 300 hadi 700. Mtoto akikaa na katuni mchana mmoja, kifurushi cha wiki kimekwisha. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzuie picha na video zisijipakue zenyewe. Ingia pia Play Store uzuie programu zisijisasishe kwa bando lako. Na usipokuwa na kazi na intaneti, zima data. Tendo hilo moja dogo huokoa fedha nyingi.

Jua pia haki zako. Mwaka 2021 TCRA ilitoa kanuni ndogo za vifurushi. Kwa kanuni hizo mteja anatakiwa kujulishwa matumizi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Aidha, ukinunua tena kifurushi kile kile kabla muda haujaisha, uniti zilizobaki zinaendelea. Kwa hiyo usisubiri kifurushi kife ndipo ujiunge.

Kitochi usikitupe

Ukishanunua simu janja, usigawe kitochi upesi. Huduma za pesa kwa kubonyeza nyota na reli hazihitaji intaneti wala simu janja. Akina mama wengi wenye busara huacha laini ya pesa kwenye kitochi, kikakaa ndani ya pochi, na kwenye simu janja huweka laini nyingine ya bando.

Faida yake ni kubwa. Simu janja ndiyo inayovutia vibaka kituoni. Ndiyo inayochezewa na watoto. Ndiyo inayopelekwa kwa fundi ikapasuka kioo na kulala huko siku mbili. Kama laini ya pesa haimo, hasara yako ni simu tu. Kama unalazimika kutumia simu moja, basi toa laini kila unapompelekea fundi, na uweke namba ya siri ya laini na ya kufungulia simu, zisizofanana na ile ya pesa. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto si namba ya siri, maana mtaa mzima unaujua.

Laini zote mbili uzitumie. Laini ikikaa kimya muda mrefu inaweza kufungwa, na namba hiyo akapewa mtu mwingine.

Jihadhari na wanaokuja na simu

Mama aliyezoea kitochi ameshaona ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiupata, usijibu. Utume kwenda 15040 na ufuate maelekezo, ili namba ya tapeli ishughulikiwe. Kama mtu anajitambulisha kwamba anatoka kampuni ya simu, tazama namba anayoitumia. TCRA imewaelekeza wananchi kwamba kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100. Na yeyote yule, hata akitumia namba gani, asikuulize namba ya siri. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayeihitaji.

Simu janja inaleta hatari nyingine ambayo kitochi hakikuwa nayo, nayo ni mikopo ya programu za mtandaoni. Unapakua, unajaza jina, fedha zinaingia. Lakini wakati wa kujaza, programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, nawe unakubali bila kusoma. Ukichelewa siku mbili, ujumbe wa kukuaibisha unatumwa kwa wakwe, kwa mwalimu wa mtoto na kwa mwenyekiti wa kikundi. Ndoa zimetikisika kwa jambo hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku. Kufungwa kwa hizo hakuzuii nyingine kuzuka kwa majina mapya. Kama una shida ya fedha, kikundi chako kinakujua na kinakuheshimu. Anza huko.

Wewe, mwenzi wako na watoto

Simu imevunja amani katika nyumba nyingi, na mara nyingi ugomvi haukutokana na simu yenyewe bali na namna ilivyoingia. Simu mpya ikionekana ghafla mkononi mwa mama, maswali yatakuja: fedha zimetoka wapi, na kwa nini nimefichwa? Zungumzeni kabla. Mweleze baba watoto ni kwa shughuli gani, itagharimu kiasi gani kwa mwezi, na fedha hizo zitatoka wapi. Mwambie pia kwamba laini itakuwa kwa jina lako, na sababu zake.

Namba ya siri ya pesa si siri ya ndoa. Ni kufuli la mlango, na kufuli huwekwa kwa ajili ya mwizi. Mnaweza kukubaliana kwamba kila mmoja anajua mwenzake ana pochi gani na ana madeni gani humo, hata kama kila mmoja ana namba yake. Mume na wife wanaojua hesabu za pamoja hawashikwi na mshangao siku ya msiba wala siku ya ada.

Kwa watoto, weka kanuni tangu siku ya kwanza, maana kanuni iliyochelewa huleta vilio. Simu ni ya mama, na mtoto huiomba. Kazi ya shule kwanza, kisha katuni kwa muda uliopangwa, sebuleni mbele ya watu, wala si chumbani chini ya shuka. Kama mtoto ana simu yake, Google ina programu iitwayo Family Link inayomwezesha mzazi kupanga muda wa matumizi na kuidhinisha programu zinazopakuliwa. Lakini hakuna programu inayoshinda jicho la mama na mazungumzo ya mara kwa mara.

Kabla hujatoa fedha

Mama mwenzangu, chukua karatasi uandike majibu ya maswali haya. Laini yangu imesajiliwa kwa jina langu? Mtandao huu unashika 4G ndani ya nyumba yangu? Simu hii nimeiwasha, nimehakiki IMEI, na akaunti ni yangu? Jumla yote nitakayolipa ni shilingi ngapi? Kwa mwezi nitatumia kiasi gani kwa vifurushi, na kitatoka fungu gani? Pesa zangu zitakaa kwenye simu ipi? Baba watoto anafahamu?

Ukipata majibu yote saba, nenda dukani ukiwa na amani, hata ikiwa utarudi na simu ya bei ndogo kuliko ya jirani yako. Ukikosa hata moja, subiri kidogo ulitafute. Dukani simu hazitakwisha. Na wala usiogope kwamba umechelewa au kwamba mambo haya ni ya vijana. Kwenye mipangilio ya simu unaweza kuchagua lugha ya Kiswahili na kukuza herufi mpaka uzione bila kukunja uso. Mwombe mwanao akufundishe jambo moja kwa siku, na kesho yake ulifanye mwenyewe mbele yake. Baada ya mwezi mmoja utakuwa unasoma ujumbe wa mwalimu, unatuma picha za vitenge, na unajua kila shilingi iliyoingia na kutoka katika pochi yenye jina lako.